Ndege za wanamaji zilizamisha meli kweli au ni sifa za sinema tu? Jibu kwa msomaji wa Tanga

Msomaji mmoja wa Tanga kaniletea swali ambalo ukilichambua ni matatu kwa mkupuo. Anasema amebishana na mjomba wake, mjomba anashikilia kwamba ndege za jeshi la majini kwenye Vita Kuu ya Pili zilikuwa mbwembwe tu na meli nyingi zilimalizwa na nyambizi, yeye anasema hapana, ndege ndo zilizoua zile manowari kubwa. Alafu anauliza iliwezekanaje ndege ya mabawa ya kitambaa kama Swordfish ikaikwamisha Bismarck, ile manowari kubwa ya Wajerumani, kisha kabla hata mwaka haujaisha ndege za aina hiyohiyo zikatunguliwa zote bila kugusa meli hata moja. Na la tatu anataka kujua kama mambo haya yaliwahi kufika huku kwetu pwani.

Mkuu, nitakujibu yote ila sitafuata mpangilio wako, maana bila kuelewa kwanza kazi yenyewe ilivyokuwa ngumu utabaki unabishana na mjomba mpaka mwakani.

Watu wengi wanawaza hivi: meli ina urefu wa mita 250, utaikosaje? Utaikosa sana tu. Chukua meli inayokimbia noti 30, kama kilomita 55 kwa saa, hiyo kila sekunde inasogea mita 15. Ndege kubwa ikiwa mita 6,000 juu ikaachia bomu, bomu linachukua zaidi ya sekunde 35 kufika chini, na nahodha hajakaa anakodoa macho, akiona tu ndege iko mkao wa kuangusha anakata usukani, kwa hiyo bomu likifika meli imeshasogea zaidi ya nusu kilomita na wala haielekei kule ulikokuwa umelenga. Ni kama kumrushia jiwe mtu wa bodaboda ukiwa ghorofa ya kumi, na yeye anakuona. Ndo maana pale kisiwa cha Midway, katikati ya Pasifiki, Juni 1942, zile B-17 za injini nne za jeshi la nchi kavu la Marekani ziliangusha mabomu kwa mamia toka juu kabisa na halikupatikana hata moja lililotua juu ya meli ya Mjapani, japo marubani walirudi wanashangilia na magazeti yakawapa sifa zote za ushindi.

Wanamaji wao walishajua hilo zamani, wakawa na njia mbili. Ya kwanza ni kushuka na ndege yenyewe: rubani anaanzia juu, anaigeuza pua chini kwa mwinuko wa nyuzi 70 hivi, anaporomoka nayo akiilenga meli kwa macho yake mwenyewe, anaachia bomu akiwa kama mita 500 juu ya maji kisha anavuta kujinusuru. Hapo bomu linasafiri sekunde chache tu, meli haijapata muda wa kusogea hata mita 100. Dauntless ya Mmarekani na ile ndege ya Mjapani ambayo Wamarekani waliibatiza Val zilifanya hivyo, na hazikuwa ndege za kasi wala za kupendeza, zilikuwa na kazi moja na zilikuwa zinaijua.

Njia ya pili ni topido, lile bomu refu lenye injini linalosafiri lenyewe ndani ya maji. Ndege inashuka chini kabisa karibu iguse maji, inanyooka, haipindi wala haipandi, inasogea mpaka kama kilomita moja toka kwenye meli, inaachia. Ubaya wake unauona mwenyewe, unawapa wapiga mizinga dakika nzima ya kukulenga ukiwa umenyooka kama kamba. Na topido likishaingia majini nalo linachukua muda, lile la Mmarekani la mwanzo wa vita lilikwenda noti 33 na kidogo, yaani haliizidi sana meli yenyewe mbio, linahitaji karibu dakika nzima kumaliza kilomita moja, na meli ikiligeuzia kisogo inaweza kulikimbia. La Mjapani lilikuwa na mbio za noti 42 hivi na lilivumilia kuangushwa kwa kasi, hapo ndo tofauti kubwa ilipokuwa mwaka 1941 na 1942. Ila likikupata topido, limekupata. Bomu linatoboa juu, topido linaingiza maji chini, na meli inazama kwa maji, haizami kwa moshi.

Sasa tuje kwenye Swordfish yako. Hii ilikuwa ndege ya Waingereza, mabawa mawili juu na chini, fremu ya chuma imevalishwa kitambaa, mbio zake zikizidi sana kilomita 220 kwa saa, na ikibeba topido la kilo 700 na ushee hata hizo haifiki. Kwa mwaka 1940 ilikuwa imeshapitwa, kila mtu alijua. Lakini usiku wa tarehe 11 Novemba 1940 Swordfish 21 ziliruka toka meli ya kubeba ndege ya Illustrious zikaenda Taranto, bandari kuu ya manowari za Italia. Kati ya hizo ni 11 tu zilizobeba topido, zingine zilikuwa na mabomu na fataki za kumulika. Bandari ilikuwa na maji ya mita 12 hivi tu, watu waliamini topido likiangushwa hapo litajikita kwenye tope, Waingereza wakaweka kamba ya waya puani mwa topido iliyokuwa inajifungua taratibu ili pua isichome chini. Topido tano zikapata: Littorio ilipigwa matatu, Duilio moja, Cavour moja, na hiyo Cavour haikurudi tena kazini mpaka vita inaisha. Waingereza walipoteza ndege 2, watu wawili wakafa na wawili wakatekwa. Kesho yake manowari za Italia zilizobaki zikahamishiwa Napoli, mbali na njia za Waingereza. Hebu fikiria gharama hiyo, ndege 2 za kitambaa kwa manowari 3 kubwa.

Siri iko wapi? Usiku, meli zimefunga nanga hazisogei, na juu hakuna ndege ya Mtaliano hata moja ya kuwafukuza. Mizinga ilikuwepo mingi, ila mizinga gizani inalenga kelele.

Bismarck ni kisa kingine kinachofanana kwa ndani. Tarehe 26 Mei 1941 jioni, bahari ya Atlantiki imechafuka vibaya, Swordfish 15 za meli ya Ark Royal zikaifuata. Na mchana wa siku hiyohiyo kundi la kwanza lilikuwa limeishambulia meli yao wenyewe ya Sheffield kwa makosa! Bahati topido zilikuwa na kile kilipuzi cha sumaku ambacho kilikuwa kinalipuka ovyo zikigusa maji, wakajua kumbe hizi hazifai, wakabadilisha wakafunga za kulipuka kwa kugonga. Yaani kosa lile ndo lilifanya shambulio la jioni lifanikiwe. Topido moja likaupata usukani, ukakwama umepinda, na Bismarck ikabaki inazunguka na kuelekea kulekule Waingereza walikokuwa wanatokea. Asubuhi ya tarehe 27 manowari za Waingereza zikaimaliza. Wajerumani hawakuwa na meli ya kubeba ndege, na kule ilipokuwa ndege zao za pwani ya Ufaransa zilikuwa bado hazijafika kuifunika. Narudia tena, juu hakuna mtu.

Alafu ndo tunafika tarehe 12 Februari 1942. Manowari tatu za Wajerumani, Scharnhorst, Gneisenau na Prinz Eugen, zikatoka Brest zikapita mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa mchana kweupe, na juu yao wametandaza ndege za ulinzi kama mwamvuli, zikipokezana zamu. Swordfish 6 zikatumwa. Waliahidiwa ndege za Spitfire za kuwasindikiza skwadroni tano, zikatokea 10 tu kwa wakati. Zote 6 zikatunguliwa, watu 18 walioruka wakafa 13, topido hata moja halikugonga. Kiongozi wao alikuwa Eugene Esmonde, na hapa nataka usikilize vizuri, huyuhuyu Esmonde na skwadroni yake ya 825 ndo walioipiga Bismarck topido la kwanza tarehe 24 Mei 1941 wakitokea meli ya Victorious, wakarudi salama. Kamanda yuleyule, skwadroni ileile, aina ileile ya ndege. Kilichobadilika ni nani yuko juu ya ile meli.

Kwa hiyo mtu akikuuliza ndege gani ilikuwa bora kwa kuzamisha meli, muulize kwanza, meli ina mwavuli au haina? Ikiwa haina, hata Swordfish inatosha. Ikiwa nao, hata ndege mpya inakufa. Midway inaonyesha yote mawili ndani ya asubuhi moja: ndege za topido za Wamarekani, zile Devastator, ziliruka 41 toka meli tatu, hazikurudi hata 10, na hazikupata kitu. Skwadroni ya nane ilipeleka 15, zikaisha zote, akabaki mtu mmoja anaelea baharini, George Gay. Huku ndege za ulinzi za Mjapani ziko chini na pembeni zinawinda hizo za topido, Dauntless zikafika juu bila mtu wa kuzipokea, na ndani ya dakika kama tano au sita meli za kubeba ndege za Mjapani, Akagi, Kaga na Soryu, zote zinawaka. Hiryu ikafuata jioni yake. Watu wanasema bahati, mi nasema nusu bahati, maana mtu anayeshambulia toka pembe mbili kwa wakati mmoja anaitafuta hiyo bahati.

Na usidhani ndege za wanamaji lazima ziruke toka kwenye meli. Tarehe 10 Desemba 1941 manowari za Waingereza Prince of Wales na Repulse zilizamishwa karibu na Malaya na ndege zipatazo 85 za jeshi la majini la Japani zilizoruka toka viwanja vya nchi kavu huko Indochina. Waingereza wakafa 840, Wajapani wakapoteza ndege 3. Zile meli zilikuwa zinatembea, zimeiva kwa vita, mizinga imejaa, na bado. Ndege za kuzilinda zilifika wakati meli zimeshazama. Miaka mitatu na miezi minne hivi baadaye, tarehe 7 Aprili 1945, zamu ikamgeukia Mjapani, Yamato, manowari kubwa kuliko zote duniani, ikatoka bila ndege za kuifunika, ndege za Marekani zaidi ya 300 zikaiendea, ikazama na watu karibu 3,000, Wamarekani wakapoteza ndege 10.

Haya, kwenye ubishi wenyewe na mjomba. Hapo mjomba ana hoja nzito kuliko unavyotaka. Baada ya vita Wamarekani walitengeneza uchunguzi rasmi wa vita nzima, wakapiga hesabu ya meli za Japani za mizigo na mafuta zilizozamishwa au kuharibiwa kiasi cha kutofaa tena, jumla tani milioni 8.9. Nyambizi zilichukua asilimia 54.7. Ndege za kwenye meli asilimia 16.3, ndege za jeshi la nchi kavu 10.2, ndege za wanamaji za kuruka toka ardhini 4.3, mabomu ya kutegwa majini 9.3, mizinga ya meli haikufika hata asilimia 1, zilizobaki ni ajali za kawaida za baharini. Kwa hiyo ukijumlisha za wanamaji zote, za melini na za ardhini, unapata asilimia 20.6. Nyambizi zilizidi mara mbili na nusu na zaidi, na watu wa nyambizi hawakufika hata asilimia 2 ya jeshi la majini la Marekani. Kwa upande huo mjomba kashinda, mpe chai yake.

Ila hesabu ya jumla ina tabia ya kuficha wakati. Nyambizi zilikuwa zinakula polepole kila siku kwa miaka, ndege za melini zilikuwa hazipo, hazipo, alafu zinatokea siku mbili zinafagia. Tarehe 17 na 18 Februari 1944 zilienda Truk, ile ngome ya Japani katikati ya Pasifiki, manowari kubwa zilikuwa zimeshaondoka lakini meli za mizigo na za mafuta zimejaa, zikazamishwa tani zipatazo 200,000 kwa siku hizo mbili, na usiku wa katikati ndege 12 za Avenger toka Enterprise zilishambulia kwa rada peke yake, gizani, kitu ambacho Wamarekani hawakuwahi kufanya toka kwenye meli. Mpaka leo wazamiaji wanaenda kuyaona yale mabaki. Tarehe 12 Januari 1945 Admeri Halsey wa Marekani aliingiza meli zake Bahari ya China Kusini, siku moja, pwani ya Indochina, zikazama meli 44, tani 132,700, nyingi zikiwa za mafuta na mizigo. Nyambizi ngapi zingehitajika kufanya hiyo kwa siku moja? Na nyambizi nazo zilikuwa zinalipa gharama, Wamarekani walipoteza 52.

Alafu kuna hiyo asilimia 9.3 ya mabomu ya kutegwa. Kazi kubwa ilifanywa na B-29 za jeshi la nchi kavu, miezi ya mwisho ya vita, waliangusha zaidi ya 12,000 kwenye njia za bandari za Japani. Sio ndege za wanamaji kwa maana ya usajili, ila wanamaji ndo walioshinikiza kazi hiyo ifanyike, majenerali wa mabomu hawakuipenda sana kwa sababu bomu la kutegwa halipigi picha nzuri. Mi binafsi naona ndo kazi iliyodharauliwa kuliko zote, rubani anaangusha usiku anaondoka, haoni kilichotokea, meli inakuja kulipuka wiki mbili baadaye au inakataa kabisa kutoka bandarini, na meli iliyogoma kutoka imekufa kama iliyozama.

Hapa niseme kuhusu madai, maana ndo chanzo cha sinema. Rubani anayeshuka nyuzi 70 huku anapigwa risasi haoni vizuri, anaona moshi, anaona maji yamerushwa juu, anarudi anasema nimezamisha. Hana nia ya kudanganya. Oktoba 1944 karibu na Formosa, Taiwan ya leo, Wajapani walitangazia taifa kwamba wamezamisha meli 11 za kubeba ndege za Marekani, watu wakashangilia, ukweli ni kwamba haikuzama hata moja, zilizoumia vibaya ni meli mbili za ukubwa wa kati, Canberra na Houston, zikavutwa zikaokolewa. Mbaya zaidi wakubwa waliamini hizo taarifa na wakapanga vita ya Ufilipino juu yake. Wamarekani nao walipokaa baada ya vita na kumbukumbu za Mjapani walikata madai ya kila mtu, nyambizi kwa ndege. Kwa hiyo namba yoyote ya tani unayoikuta, angalia kwanza imeandikwa wakati wa vita au baada ya kulinganisha vitabu vya pande zote mbili.

Na kuna kitu ambacho hesabu ya mjomba haikigusi kabisa. Ndege mara nyingi haizamishi, inalemaza na wengine wanamaliza. Bismarck umeiona. Machi 1941 pale Matapan, kusini mwa Ugiriki, ndege za meli ya Waingereza Formidable ziliipiga manowari ya Italia Vittorio Veneto ikapunguza mwendo, jioni zikaipiga Pola ikasimama kabisa, Wataliano wakarudisha Zara na Fiume kuja kuiokoa, usiku zikaingia moja kwa moja kwenye mizinga ya manowari za Waingereza zilizokuwa zimejibanza gizani. Meli tatu kubwa zikaenda pamoja na manowari mbili ndogo. Kwenye daftari imeandikwa mizinga, ila bila lile topido moja la Pola kusingekuwa na kitu cha kuandika.

Sasa swali lako la tatu, la huku kwetu. Jibu ni ndiyo, na tena kisa cha kwanza ni cha zamani kuliko vyote nilivyotaja. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, kwenye mikoko, ambako meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia na toka baharini hazikuweza kuiona. Wakamkodi rubani wa kiraia toka Durban, Dennis Cutler, na ndege yake ya kutua majini, Novemba akaiona, Desemba injini ikamwangusha akatekwa. Wakaleta ndege za Sopwith, joto letu na unyevu zikazishinda, zikagoma kupanda. Wakaleta za Short toka Bombay, nazo zikawa zinapanda kwa taabu. Mwisho wakatengeneza kiwanja kisiwani Mafia wakaleta ndege za magurudumu, Henri Farman na Caudron. Meli mbili fupi za kina kidogo, Severn na Mersey, zikavutwa toka Malta. Tarehe 6 Julai 1915 zikapiga zaidi ya makombora 600 na karibu yote yakaenda porini. Tarehe 11 wakarudi, juu yuko John Cull na Arnold, mmoja anaendesha, mwingine anatuma kwa simu ya upepo: rudi nyuma, sogea kulia, hapohapo. Ndege ikapigwa, injini ikafa, inashuka kuelekea mtoni na Arnold bado anatuma marekebisho, na ni marekebisho hayo yaliyoifanya Severn iipate. Walitua majini wakaokolewa. Königsberg ikaharibika kiasi kwamba nahodha wake, Max Looff, akailipua mwenyewe.

Ndege ile haikuhitaji bomu hata moja, ilikuwa macho. Na mizinga 10 ya Königsberg ya sentimita 10.5 ilichopolewa mtoni ikaenda kutumika nchi kavu na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, mmoja uko Fort Jesus Mombasa hadi leo ukitaka kuuona.

Cha kushangaza, Wajerumani waliijenga Königsberg nyingine baadaye, na tarehe 10 Aprili 1940 ikiwa imefunga gati Bergen, Norwe, ndege 16 za Skua za jeshi la majini la Uingereza zikaruka toka Orkney, karibu mafuta yaishe njiani, zikashuka juu yake na mabomu, ikazama. Hiyo ndo manowari kubwa ya kwanza kuzamishwa na ndege vitani. Miaka 25 toka Rufiji, jina lilelile, ndege za jeshi lilelile, na safari hii ndege haikuhitaji meli ya kuisaidia kumaliza kazi, japo na hapa mizinga ya pwani ya Wanorwe ilikuwa imeshaijeruhi kabla.

Vita ya Pili nayo ilifika karibu kuliko wazee wengi walivyosimuliwa. Aprili 1942 Admeri Nagumo wa Japani aliingia Bahari ya Hindi na meli tano za kubeba ndege. Tarehe 5, Jumapili ya Pasaka, ndege zake zilipiga Colombo, na mchana ndege 53 za kushuka zikazikuta manowari za Waingereza Dorsetshire na Cornwall baharini, zote mbili chini ndani ya dakika kama 20, watu 424 wakafa, waliobaki 1,122 waliokolewa baada ya kukaa majini zaidi ya siku nzima. Wajapani walidai karibu mabomu tisa kati ya kumi yalipata, na hata ukipunguza madai yao bado ni kazi ya kutisha. Tarehe 9 ikafuata Hermes, meli ya Waingereza ya kubeba ndege ambayo siku hiyo haikuwa na ndege hata moja ndani. Wakati huohuo kundi lingine la Wajapani chini ya Admeri Ozawa lilizamisha meli za mizigo 23 Ghuba ya Bengali, hapo mizinga na ndege zilisaidiana. Admeri Somerville wa Waingereza akaona hapa sina mwavuli, akaondoa meli zake, zile kongwe za polepole zikapelekwa Kilindini, na Kilindini ikawa makao ya kundi zima la mashariki. Hata wale wa kufumbua siri za redio za Mjapani walihamia Mombasa, wakakaa kwenye jengo la shule ya Allidina Visram. Kwa hiyo ndege za Nagumo ziliisukuma nguvu ya majini ya Uingereza kilomita maelfu mpaka pwani yetu, na meli nyingi zilizosukumwa hazikuguswa hata na bomu moja. Hiyo utaiandika asilimia ngapi?

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 5 Mei 1942, Waingereza wakaogopa Mjapani asije kuikamata Diego Suarez kaskazini mwa Madagaska, kisiwa kilichokuwa chini ya Wafaransa, maana toka pale nyambizi zingekata njia ya Msumbiji kwenda Suez, wakaivamia. Swordfish za Illustrious, ndiyo meli ileile ya Taranto, zikaizamisha meli ya Wafaransa Bougainville kwa topido na nyambizi Bévéziers bandarini, siku mbili baadaye nyambizi Le Héros. Ndege za ulinzi za Wafaransa hazikuwa nyingi na nyingi zilipigwa zikiwa bado chini kiwanjani, umeshaelewa maana yake. Vijana wa KAR, lile jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, toka huku walipelekwa kisiwani baadaye mwaka huohuo kumalizia nchi kavu. Hata hivyo nyambizi za Japani zilikuja tu, Juni na Julai zikazamisha zaidi ya meli 20 kwenye mlango wa Msumbiji, kwa sababu kukamata bandari ni kitu kimoja na kuwa na ndege za kutosha za kulinda bahari pana namna ile ni kingine. Dawa ilikuja na zile Catalina za kutua majini zinazoweza kukaa angani karibu siku nzima, ambazo Agosti 1943 ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska. Ila Catalina hizo zilikuwa za RAF, jeshi la anga la Waingereza, kwa hiyo ukienda nazo kwa mjomba atakwambia hizo sio za wanamaji, na kwa usajili atakuwa sahihi.